Shahidi wa Msingi

Sura ya 13 ya Injili ya Luka inataja ajali ya jengo. Mnara wa Siloamu, mjini Yerusalemu, uliwaangukia watu 18 ukawaua, na Yesu akawauliza wasikilizaji wake kama walidhani marehemu hao walikuwa na dhambi kuliko wenzao. Yeye mwenyewe aliikataa hesabu hiyo. Kisangani, kuanzia Kanisa Kuu la Notre-Dame du Rosaire kando ya mto hadi vyumba vya sala vya Mangobo, sura hiyo huhubiriwa kama wito wa kutubu, na ndivyo inavyopaswa kuhubiriwa. Lakini yuko mtu ambaye simulizi haimtaji na wahubiri hawamuulizii: aliyeujenga mnara ule. Wala hatajwi aliyeukagua, kama alikuwepo.

Pengo hilo si dogo kwa mji kama Kisangani. Mji huu wa komine sita, tano ukingo wa kulia na Lubunga ng'ambo ya mto, uko jirani kabisa na ikweta na hauna kiangazi cha kweli. Ukuta uliojengwa vibaya hunyeshewa mwaka mzima. Familia nyingi hujijengea zenyewe, kidogo kidogo kadiri pesa zinavyopatikana: mwaka huu msingi, mwaka ujao kuta, na mabati yanasubiri mtoto mkubwa apate kazi. Sheria haikunyamaza. Amri ya 20 Juni 1957 kuhusu mipango ya miji, urithi wa enzi za Wabelgiji, na agizo la waziri la mwaka 2013 zinadai kibali kabla ya kujenga. Hata hivyo, wengi wakishapata karatasi za kiwanja huona shughuli yao na Serikali imekwisha. Karatasi hizo zinaonyesha nani ana haki ya kuitumia ardhi, kwa kuwa chini ya sheria ya 20 Julai 1973 udongo wenyewe ni mali ya Serikali. Kuhusu kitakachosimama juu yake, hazisemi neno.

Basi nani aseme?

Jibu moja ambalo limejaribiwa mbali na hapa ni kumwachia kazi hiyo mkaguzi binafsi. Uingereza ilifungua mlango huo kwa Sheria ya Majengo ya mwaka 1984, na jimbo la New South Wales huko Australia likafuata mwaka 1998. Mwenye kujenga nyumba ya kuishi aliweza kumkodi mtaalamu mwenye leseni, akamlipa, naye akapitia michoro, akatembelea kiwanja na kutoa cheti bila kusubiri foleni ya ofisi ya manispaa. Kwa mtu wa Kisangani aliyewahi kuzungushwa na faili lake kutoka dawati hadi dawati, wazo hilo linavutia. Vijana waliosomea ujenzi wapo mjini, na wengine hawana kazi. Kwa nini wasikague wao?

Yaliyotokea huko yanafaa kusikilizwa kabla ya kujibu. Mkesha wa Krismasi wa mwaka 2018, wakazi wa Opal Tower mjini Sydney, jengo jipya kabisa, walitolewa nje baada ya zege kupasuka. Miezi sita baadaye wakahamishwa wakazi wa Mascot Towers katika mji huohuo. Watu wakaanza kuuliza waziwazi: mkaguzi anayechaguliwa na kulipwa na mjenzi atawezaje kumwambia mjenzi huyohuyo abomoe? Anayesema hapana leo hapati kazi kesho. Mwaka 2019 jimbo hilo likalazimika kumteua kamishna wa majengo. Lakini asikurupuke mtu kusema kwamba dawa ni Serikali. Jumba la Grenfell jijini London, lililoungua tarehe 14 Juni 2017 na kuua watu 72, lilikuwa chini ya ukaguzi wa halmashauri yenyewe, na ripoti ya mwisho ya uchunguzi, iliyotoka Septemba 2024, iliilaumu ofisi hiyo pia. Ripoti hiyohiyo ilitaka jopo huru litazame kama ni sawa kazi ya ukaguzi ifanywe na mtu mwenye maslahi ya kibiashara katika jambo analolikagua.

Kisangani mpaka kati ya Serikali na binafsi ni mwembamba zaidi kuliko sheria inavyouchora. Mtumishi ambaye mshahara wake hautoshi, au haufiki, huishi kwa kile anachopewa kiwanjani, madesu ya bana kama watu wanavyosema. Muhuri ni wa Serikali. Anayemlisha aliyeushika ni mwenye nyumba. Kwa hiyo swali la ofisi gani itoe cheti ni la pili. La kwanza ni la kale zaidi, na dini zimelishughulikia kwa muda mrefu: ushahidi ni nini, na shahidi anadaiwa na nani?

Msingi wenyewe unaonyesha kwa nini shahidi anahitajika. Mtaro huchimbwa, nondo zikafungwa, zege ikamwagwa, udongo ukarudishwa. Kati ya hatua hizo kuna saa chache tu ambazo jicho linaweza kuona ukweli. Mtu anayeijua kazi hushuka mtaroni na kupima unene wa nondo, kwa sababu nondo inayouzwa kwa jina la milimita 10 huweza kuwa pungufu. Huhesabu toroli ngapi za mchanga zimekwenda na mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50. Hutwaa matofali mawili ya kuchoma akayagonganisha na kusikiliza: lililoiva hutoa mlio mkali, bichi hutoa mlio mzito. Hutazama maji yaliyosimama chini ya mtaro na kuuliza yanatoka wapi. Jioni yote hayo yamefukiwa. Mpangaji atakayeingia miaka mitano baadaye atalala juu ya kitu ambacho hatakiona kamwe, na watoto wake pia. Hao hawakuwepo mtaroni. Hawakujadiliana bei na fundi, hawakumchagua mkaguzi, na pengine mdogo wao hajazaliwa. Cheti ni neno lililosemwa kwa ajili yao na mtu aliyekuwepo.

Kwa mtazamo huo, Kumbukumbu la Torati 22 linasomeka vizuri zaidi. Anayejenga nyumba mpya anaagizwa aweke ukingo juu ya dari, asije akaibebesha nyumba yake damu ya mtu atakayeanguka. Mtu huyo hana jina: ni mgeni, ni jirani, ni yeyote. Uislamu nao, ulioingia katika mji huu na Waswahili wa enzi za Tippu Tip, aliyefanywa gavana wa Stanley Falls mwaka 1887, ulikuwa na ofisi nzima kwa ajili ya kazi hiyo. Muhtasibu alitazama mizani za sokoni, na kuta zinazotishia kuanguka barabarani hazikuwa nje ya mamlaka yake. Al-Mawardi, mwanachuoni aliyefariki mwaka 1058, aliandika kwamba muhtasibu hasubiri mtu aje kulalamika, na kwamba anastahili posho kutoka hazina ya umma. Hekima ya agizo la posho iko wazi: anayelindwa ni mpita njia, na mpita njia hana namna ya kulipa. Huko Sevilla, mwanzoni mwa karne ya 12, Ibn Abdun alitaka vipimo vya matofali vitundikwe katika msikiti mkuu. Mnunuzi maskini angeweza kuingia kusali, akatazama, akajua kama fundi amempunja. Ni vigumu kupata picha bora ya dini iliyojishughulisha na tofali.

Wapo watakaosema kwamba ajali ni mapenzi ya Mungu, au ni mkono wa mchawi, na kwamba cheti hakizuii kimojawapo. Hoja hiyo isidharauliwe. Husemwa matangani na watu wanaolia. Kaskazini, katika nchi ya Uele iliyotawaliwa kutoka Kisangani hadi Jimbo la Mashariki lilipogawanywa mwaka 2015, wanaishi Wazande. Mwanaanthropolojia Evans-Pritchard, aliyekaa na ndugu zao upande wa Sudan, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1937 jinsi ghala la nafaka linavyoweza kuwaangukia watu waliopumzika kivulini mwake. Wazande walijua fika kwamba mchwa walikuwa wamekula nguzo. Walichouliza ni kwa nini lianguke saa ile, juu ya watu wale. Wengi husimulia kisa hicho kuonyesha imani ya uchawi, wakasahau nusu yake ya kwanza: hakuna aliyewakana mchwa. Kuuliza kwa nini mimi, kwa nini mwanangu, ni haki ya mfiwa, na mchungaji au shehe atajaribu kumjibu. Lakini swali hilo haliondoi la pili, nalo ni nani alipaswa kutazama nguzo. Yesu mwenyewe, alipokataa kuwahesabia dhambi wale 18, hakuwapa wajenzi wa Siloamu msamaha kwa jina la Mungu.

Sheria ya Hammurabi ilijibu kwa ukali: nyumba ikianguka na kumuua mwenyewe, fundi auawe, ikimuua mtoto wa mwenye nyumba, mtoto wa fundi auawe. Nusu ya mwisho ni dhuluma tupu. Sheria ya kiraia ya Kongo, kitabu cha tatu, kilichotokana na amri ya 30 Julai 1888, inasema kwa upole zaidi katika kifungu cha 262 kwamba mwenye jengo anawajibika kwa madhara likibomoka kwa kutotunzwa au kwa kosa la ujenzi. Zote mbili huja baada ya matanga. Ukaguzi ndio pekee unaokuja kabla.

Kuna sababu nyingine ambayo watu wa Kisangani wanaielewa kuliko watu wa miji mingi. Kuanzia tarehe 5 hadi 10 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya mji huu. Umoja wa Mataifa ulikadiria raia zaidi ya 760 waliouawa, na nyumba zaidi ya 4,000 zilizoharibiwa au kuachwa hazikaliki. Tarehe 9 Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda ilipe dola milioni 325 kwa uharibifu uliotendeka Kongo. Katika hizo, milioni 40 tu zilikuwa za mali, tena kwa jumla, kwa sababu ushahidi uliowasilishwa ulikuwa haba. Nyumba ambayo hakuna aliyeiandika popote ilikuwa vigumu kuithibitisha baada ya kuwa kifusi. Hata leo, mbele ya FRIVAO, mfuko ulioundwa kugawa fidia hiyo, mwathirika anahitaji kitu cha kuonyesha. Shahidi wa msingi hamlindi mpangaji peke yake. Siku nyingine humlinda mwenye nyumba pia.

Kwa hiyo mhandisi binafsi akaribishwe Kisangani, ila asichaguliwe wala asilipwe mkono kwa mkono na yule anayejenga. Ada iwekwe komine kwa risiti, na jina la mkaguzi litolewe kwa kura kati ya waliosajiliwa. Mitume walipotafuta wa kuchukua nafasi ya Yuda walipiga kura, na hakuna aliyeona aibu. Jina lake na tarehe aliyoshuka mtaroni viandikwe ukutani, mahali ambapo mpangaji anaweza kuvisoma kabla ya kutoa garanti ya miezi. Atakayedanganya afutwe orodhani, naye mtumishi wa Serikali apimwe kwa kanuni hiyohiyo.

Kikwazo kikubwa ni pesa. Mjane wa Lubunga mwenye nyumba ya potopoto ya vyumba viwili hawezi kulipia mhandisi, na kumtoza ni kumsukuma nje ya mpango mzima. Nyumba yake ya chini ikianguka huua mara chache kuliko jengo la ghorofa, kwa hiyo aanze mwenye ghorofa, na sehemu ya ada yake imlipie mjane. Na kabla ya wote zianze nyumba za ibada, ambamo mamia hukaa chini ya paa moja kila Ijumaa na kila Jumapili, nyingi zikiwa zimeinuliwa kwa harambee na fundi wa kujitolea. Parokia na misikiti ina kamati za ujenzi tayari, zenye mweka hazina na daftari la michango. Mstari mmoja wa daftari hilo, kabla ya mabati na kabla ya vipaza sauti, unaweza kuandikwa ada ya mkaguzi ambaye kamati yenyewe haikumchagua.