Je, Moshi Umepungua au Umehamishwa?

Siku hizi serikali nyingi hutangaza kwamba zimepunguza gesi zinazoongeza joto la dunia. Wako wanaolikubali tangazo hilo mara tu walisikiapo, na wako wanaolicheka na kusema kuwa ni udanganyifu mtupu. Makundi haya mawili yana kasoro moja, nayo ni kwamba hayakupima. Na mtu asiyepima, sifa yake si sifa wala lawama yake si lawama.

Basi na tutazame mfano mmoja ulio wazi, nao ni wa Uingereza. Mwaka 2008 Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria ya kuilazimisha serikali kupunguza gesi hizo. Mwaka 2013 ikaongezwa kodi juu ya makaa ya mawe na gesi vinavyochomwa ili kupata umeme. Mwaka 2012 karibu asilimia 40 ya umeme wa nchi hiyo ilitokana na makaa; kufikia mwaka 2020 ilibaki kiasi cha asilimia 2 tu. Tarehe 30 Septemba 2024 kituo cha mwisho cha umeme wa makaa, Ratcliffe-on-Soar, kilizimwa. Hesabu rasmi huonyesha kwamba gesi zinazotoka ndani ya nchi zimepungua kwa nusu tangu mwaka 1990.

Matokeo hayo si madogo, na mwenye insafu hatayakanusha. Lakini mwenye kutafuta kweli hatosheki na jumla iliyoandikwa chini ya ukurasa. Yampasa aulize maswali matatu.

Kwanza: ingekuwaje kama sera hiyo isingekuwapo? Mganga hasifiwi kwa kila mgonjwa aliyepona, kwa maana wengine wangepona bila ya dawa yake. Vituo kadhaa vya makaa vilikuwa vimezeeka; vingine vilifungwa kwa sababu ya sheria za Ulaya juu ya moshi wenye salfa; na bei ya gesi asilia nayo ilikuwa imeshuka. Hivyo si haki kuipa kodi sifa yote. Wala si haki kuinyima fungu lake, kwani ilisaidia kufanya kuchoma makaa kuwe ghali kuliko kuchoma gesi, na wakati huohuo mitambo ya upepo ilizidi kujengwa nchi kavu na baharini.

Pili: moshi umekwenda wapi? Kanuni za kimataifa huhesabu gesi mahali zinapotoka. Nguo ikitengenezwa ng'ambo na kuvaliwa London, moshi wake huandikwa katika daftari la nchi iliyoitengeneza. Serikali ya Uingereza yenyewe hutoa pia hesabu nyingine, inayofuata vitu vinavyotumiwa na wananchi, na humo upungufu ni mdogo zaidi. Kadhalika kituo cha Drax, huko Yorkshire, huchoma vipande vya mbao ambavyo vingi hutoka Marekani. Hewa ukaa itokayo katika dohani lake haihesabiwi katika fungu la umeme, kwa kuwa kanuni huihesabu kule miti inakokatwa. Lakini anga halina mipaka wala halisomi madaftari. Atupaye taka zake uani kwa jirani hawezi kusema kwamba ameusafisha mji.

Tatu: ni nani aliyebeba mzigo? Siku ileile Ratcliffe ilipozimwa, huko Port Talbot, Wales, lilizimwa tanuru la mwisho la mji huo la kuyeyushia madini ya chuma, ili lijengwe tanuru la umeme. Hasara ya kiwanda nayo ilikuwa sababu, si sera ya gesi peke yake. Lakini tazama tofauti. Mwisho wa makaa katika umeme ulitangazwa tangu mwaka 2015, na wafanyakazi wakapata miaka ya kujiandaa. Port Talbot, uamuzi wa kuzima matanuru ulitangazwa Januari 2024, na kabla mwaka haujaisha yote yalikuwa yamezimwa. Kiasi cha kazi 2,000 zikapotea, na vipande vya chuma vya kufanyiwa kazi kiwandani vikaagizwa kutoka nchi za nje. Hapa swali la pili na la tatu hukutana: mzigo umewaangukia wachache, na sehemu ya moshi imevuka bahari.

Huenda mtu akasema: 'Kupima namna hii ni kuwapa wavivu kisingizio cha kutofanya lolote.' La, sivyo. Kinachowapa kisingizio ni hesabu iliyotiwa chumvi. Watu wakigundua kwamba sehemu ya moshi ilihamishwa tu, hawatasadiki hata ile sehemu iliyopungua kweli, nayo ni kubwa.

Tena fikiri, ewe msomaji, ni nani hudhulumiwa kwa hesabu mbovu. Sehemu ya hewa ukaa inayotolewa leo itabaki angani kwa karne nyingi. Watakaovumilia joto lake wengi wao hawajazaliwa, wala hawawezi kuja kulikagua daftari letu. Kupunja mizani ni dhambi sokoni, ambako mnunuzi yupo na anaweza kulalamika. Basi itakuwaje pale ambapo anayepunjwa hana hata sauti?

Kwa hiyo, utakaposikia tena tangazo la namna hiyo, liwe la nchi uipendayo au usiyoipenda, usilipokee wala usilikatae kabla ya kuuliza maswali haya matatu. Na jibu lolote litakalotoka, ulikubali, hata likiwa kinyume cha ulivyotamani.