Je, Chombo Kimeondoa Wajibu wa Mzazi?

Zipo leo programu za simu na tableti zimfundishazo mtoto mdogo kusoma. Mtoto husikia sauti, kisha hugusa herufi yake. Akikosa, hurudishwa bila kugombezwa. Basi mzazi asiyejua kusoma aweza kusema: “Chombo kitafundisha, mimi sina kazi tena.” Je, asema kweli?

Kwanza tujue kusoma ni nini. Mtoto hujifunza kusema kwa kukaa na watu. Lakini hakuna azaliwaye tayari kusoma. Mtaalamu Mfaransa Stanislas Dehaene aeleza kwamba, mtu ajifunzapo kusoma, sehemu ya ubongo itambuayo maumbo huungana na sehemu zishikazo sauti na maneno. Njia hiyo hufunguka kwa mazoezi mengi, kama njia ya shambani ifunguliwavyo na miguu ya kila siku.

Hapo chombo chasaidia, maana hakichoki kurudia. Katika mkoa wa Tanga, nchini Tanzania, shindano la Global Learning XPRIZE lilijaribu programu kama hizo kwa Kiswahili muda wa miezi 15, hata mwaka 2019. Watoto walikuwa karibu 3,000. Mwanzoni, zaidi ya 9 kati ya 10 hawakuweza kusoma hata neno moja. Mwishoni hesabu yao ilipungua kwa nusu. Tumshukuru Mungu aliyewapa watu akili hiyo.

Lakini kila njia yahitaji mahali pa kufika. Herufi humpeleka mtoto kwenye neno. Na neno lenyewe alilipata wapi, kama si kinywani mwa mama na baba? Katika nyumba ya ukimya, mtoto atatamka asichokielewa.

Mkumbukeni yule mtu wa Ethiopia, katika Matendo ya Mitume. Alikuwa garini akimsoma nabii Isaya, lakini hakuelewa, mpaka Filipo alipopanda akaketi naye. Ndipo alipoomba ubatizo.

Basi, mzazi, usijitoe. Jembe halimwondolei mwenye shamba wajibu wake. Hata kama hujui herufi, msimulie mtoto hadithi, mtajie majina ya vitu, na jioni mwulize: “Leo umesoma nini, na maana yake ni nini?” Wala usione haya: wewe usiyejua kusoma waweza kuwa Filipo wa mtoto wako.