Ramani ya Bure, Deni la Nani?

Mjomba wangu ni dereva wa watalii Arusha. Miaka kadhaa iliyopita mgeni wake mmoja, wakati wa kuagana, alimwachia kifaa cha GPS, kile kidogo cha kubandika kwenye kioo cha gari. Mjomba alifurahi, ila furaha haikufika jioni. Ramani iliyokuja na kifaa kile ilikuwa na barabara kuu ya kwenda Makuyuni na Karatu, na zaidi ya hapo ilikuwa nyeupe tupu. Njia ya kushuka Mang'ola, ambayo malori ya vitunguu hupita kila msimu, haikuwepo. Kile kialama cha gari kikawa kinaelea kwenye weupe kama ngalawa iliyopotea.

Nilimpakulia ramani nyingine kutoka intaneti, ya OpenStreetMap, ambayo watu wa kujitolea wameigeuza ili isomeke kwenye vifaa vya Garmin. Nikaiweka kwenye memori kadi, nikaichomeka. Njia ya Mang'ola ikatokea. Vijiji vikatokea na majina yake. Mjomba aliangalia kimya, halafu akaanza kuniuliza.

"Nani kachora?"

"Watu tu, mjomba. Yeyote anayeijua njia."

"Wanalipwa na nani?"

"Hawalipwi."

"Sasa wanataka nini?"

Siku ile nilicheka. Leo sicheki, maana mtu mzima aliyeishi mjini anajua kwamba cha bure huwa kina mwenyewe, na mwenyewe siku moja huja kudai. Swali la mjomba ni swali la maadili hasa: aliyekupa njia bila malipo anakudai nini, na wewe unamdai nini?

Tuanze na walikotoka. OpenStreetMap ilianzishwa na Steve Coast huko Uingereza mwaka 2004. Wakati huo ramani bora za nchi ile zilikuwa mikononi mwa Ordnance Survey, taasisi ya serikali, na kuzitumia kulikuwa na gharama na masharti. Miaka minne kabla ya hapo, Mei 2000, Marekani iliacha kuyavuruga kwa makusudi mawimbi ya GPS yanayotumiwa na raia. Ghafla kifaa cha kawaida kikaweza kumwambia mtu alipo kwa kukosea mita chache, badala ya mita kama mia. Basi watu wakawa wanatembea na kuendesha baiskeli huku vifaa vikirekodi walikopita, na jioni wanazigeuza nyayo zile kuwa barabara.

Mwaka 2009 vijana wa Kibera, Nairobi, waliuchora mtaa wao ambao kwenye ramani ulikuwa karibu mtupu, ingawa watu walikuwa wamejaa. Januari 2010, tetemeko lilipoipiga Haiti, watu waliokaa mabara mengine waliichora Port-au-Prince kwa kutazama picha za setilaiti, na waokoaji wakaipakia ramani hiyo kwenye vifaa vyao vya GPS. Mwaka 2015 ikaja zamu ya Dar es Salaam: mradi wa Ramani Huria, ambapo wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wa Chuo Kikuu Ardhi walipita mitaani pamoja na wakazi, wakiandika nyumba, mitaro na mahali maji yanapojaa. Mimi nami nilikuwa mwanafunzi miaka ile. Ugonjwa wa kuchora ramani uliniingia hapo, haujatoka.

Siku hizi wapenzi wa ramani hizi huulizana kama zina kesho. Hofu ya kwanza ni kwamba vifaa vyenyewe vinakufa. Kweli, kile cha mjomba sasa kiko kwenye droo, simu imechukua kazi yake. Lakini hofu hii mimi hainisumbui. Angalia yaliyoikuta programu ya Maps.me, ambayo watalii wengi walitembea nayo kwenye simu. Mwaka 2020 iliuzwa kwa wamiliki wapya, ikabadilika, na baadhi ya waanzilishi wake wakauchukua msimbo uliokuwa wazi wakaunda Organic Maps. Mwaka 2025 wachangiaji wengine, wasioridhika na uendeshaji, wakajitenga tena na kuunda CoMaps. Chombo kimebadilika mara tatu, na njia ya Mang'ola iko palepale. Maji hayafi kwa sababu mtungi umevunjika, mradi kisima ni cha wote.

Hofu ya pili ni matajiri. Desemba 2022 Amazon, Meta, Microsoft na TomTom walianzisha Overture Maps Foundation, na OpenStreetMap ni mojawapo ya visima wanavyochotea. Kuna wenzangu wanaosema tumefanyishwa kazi bure: sisi tumekanyaga matope, wao wanauza. Nawaelewa, lakini sikubaliani nao moja kwa moja. Mgeni akikuuliza njia barabarani, humwulizi kwanza ana shilingi ngapi mfukoni. Unamwelekeza. Akiwa anakwenda kufanya biashara, shauri yake. Leseni tuliyoikubali tangu mwaka 2012 inaruhusu hata mfanyabiashara achukue, kwa masharti: ataje chanzo, na akiiboresha hazina yenyewe na kuitoa hadharani, aitoe kwa uhuru uleule. Yaani pita, lakini usiweke geti nyuma yako. Hilo kwangu ni haki. Nisichokubali ni kufutwa jina. Kutolipwa nilikuchagua mwenyewe. Kufanywa kana kwamba sikuwepo, hilo sikulichagua.

Hofu ya tatu ndiyo inayoninyima usingizi, na haiwahusu matajiri. Inanihusu mimi.

Mwaka mmoja baada ya kuhitimu, kwa wakati wangu mwenyewe, nilikichora kidaraja cha mbao katika mtaa mmoja wa bondeni hapa Dar. Kilikuwa cha kweli. Nilikivuka kwa miguu yangu, mjumbe wa shina akiwa mbele ananionyesha. Mstari mfupi tu kwenye ramani, kama urefu wa kucha. Nikahama mtaa, nikapata kazi, maisha yakaendelea. Mvua za masika zikaja na zile mbao zikaenda na maji. Mtu akatuma picha kwenye kundi la WhatsApp. Niliiona. Nikajisemea, nitakifuta kesho.

Kesho yenyewe ikawa miaka miwili. Siku moja rafiki yangu kutoka Dodoma alinisimulia alivyokuja mjini kumuuguza dada yake. Usiku hali ikabadilika, bodaboda hakuna, akaamua wakate njia ya mkato kwa miguu, simu mkononi, dada kamwegemea. Simu ikasema vuka hapa. Walipofika walikuta nguzo mbili na giza. Wakarudi walikotoka, wakazunguka hadi barabara kubwa, wakapata bajaji. Dada alifika hospitali amechelewa sana, ila alipona. Rafiki yangu alikuwa anasimulia huku anacheka, kama tunavyochekea balaa lililokwisha pita. "Njia ya mwongo ni fupi," akasema, akimaanisha ramani.

Nilipofika nyumbani nilifungua historia ya kidaraja kile. OpenStreetMap hutunza kumbukumbu ya kila mstari, nani kauchora na lini. Mkono ulikuwa mmoja tu, na ulikuwa wangu.

Tangu siku ile nimeacha kuiita ramani zawadi. Zawadi ukishaitoa, imekwisha. Hurudi nyumbani kwa watu kuuliza kama kitenge chako bado kinavalika. Ramani ni ushahidi. Ninapochora daraja nasema: nimeona, pitia hapa. Na ushahidi wa njia una ubaya wake, kwamba huweza kuwa kweli siku unapoutoa na ukawa uongo baadaye bila wewe kufungua mdomo. Sikumdanganya mtu nilipochora. Nilianza kudanganya siku nilipoiona ile picha nikanyamaza.

Mtu ataniambia: we bwana, ulijitolea, hukuahidi kurudi kila masika. Hoja hiyo ina uzito, na nimejitetea nayo mara nyingi. Tukiwabebesha wanaojitolea mzigo wa milele, nani atajitolea? Lakini tofautisha mtu asiyejua na mtu anayejua. Sidaiwi yale yasiyonifikia. Nadaiwa lile moja lililonifikia mkononi, ambalo lilihitaji dakika mbili.

Wengine watasema kazi hiyo itafanywa na akili mnemba. Mwaka 2019 Microsoft ilitoa michoro ya majengo takribani milioni 18 ya Tanzania na Uganda, iliyosomwa na kompyuta kutoka kwenye picha za angani. Ni kazi kubwa, siibezi. Mashine inaona paa. Lakini haijui kama chini ya paa hilo ni zahanati au ni ghala la saruji, kama ile njia hupitika usiku, wala kama mbao zile zimeoza. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kesho ya ramani hizi, kwa hiyo, siioni kwenye mashine wala kwenye vifaa. Naiona kwa mtu anayelala mtaani pale: je, anajua kwamba ana haki ya kuirekebisha ramani, na je, ataona aibu asipofanya?

Mjomba, kama bado unataka jibu: wanataka mgeni afike. Wengi wao hawataki kingine. Wanachodai ni kwamba nawe ukijua njia imekufa, useme.

Kabla ya kuandika haya nilimpigia rafiki yangu nikamweleza kwamba yule mwongo alikuwa mimi. Alinyamaza kidogo.

"Ulijua limebomoka?"

"Nilijua."

Akanyamaza tena. Halafu, badala ya matusi niliyoyangojea, akauliza, "Umelifuta?"

"Nililifuta usiku uleule uliponisimulia."

"Na jipya umeliweka? Dada anasema wamejenga la zege, hatua chache juu ya lile la zamani."

Sikuwa na habari. Siwezi kulichora kwa kuambiwa, nami sijaliona. Jumamosi nitashuka bondeni, nimtafute mjumbe kama bado yuko, nilivuke kwa miguu yangu.