Kupanga Chumba na Kukipanga

Lugha yetu ya Kiswahili ina neno moja ambalo wanafunzi wetu hulitumia kila mwaka pasipo kulitafakari. Neno hilo ni "kupanga". Mtu hupanga chumba, yaani hukaa katika nyumba ya mwingine kwa kulipa kodi. Tena mtu hupanga vitu, yaani huviweka mahali pake kwa utaratibu. Kamusi huzitenganisha maana hizi mbili, lakini katika maisha zimekaa jirani sana. Katika makala haya tunakusudia kuuliza swali moja: je, mwanafunzi mwenye fedha haba, aliyepanga chumba kwa muda mfupi, ana wajibu wa kukipanga kiwe maskani yake, ama kufanya hivyo ni anasa na kupoteza wakati?

Tutazame mfano wa Kampala. Chuo cha Makerere kilianza mwaka 1922 kikiwa shule ya ufundi, na wanafunzi wake wa kwanza, 14 kwa idadi, walifundishwa useremala, ujenzi na umakanika. Kwa miaka mingi baadaye, mwanafunzi aliyefika mlimani hapo aliweza kutumaini bweni, kitanda na chakula. Tangu miaka ya 1990, chuo kilipowafungulia mlango wanafunzi wengi wa kujilipia, mabweni hayakutosha tena, na vitongoji vya Wandegeya na Kikoni vikajaa vijana waliopanga. Mwenye uwezo huingia hosteli. Asiye nao hutafuta chumba kimoja katika safu ya vyumba, kile ambacho watu wa Kampala hukiita "muzigo". Sikio la Mswahili likilisikia jina hilo hukumbuka mzigo, na hapo ndipo hoja yetu inapoanzia. Wengi hukichukua chumba chao kama mzigo hasa: hukibeba kwa manung'uniko, wakingojea siku ya mahafali wautue.

Ukimwuliza kijana wa namna hiyo kwa nini nguo zake zimelala juu ya sanduku, kwa nini vyombo vya juzi bado viko chini ya kitanda, na kwa nini dirisha limezibwa kwa gazeti, atakujibu kwa neno moja: "Napita tu." Jibu hili lina mizizi katika mila zetu. Watu wengi wa nchi zetu huamini kwamba nyumbani kwa kweli ni kule kwa wazee, kwenye migomba na makaburi ya mababu. Mjini ni mahali pa kutafuta riziki. Imani hiyo ina heshima yake, nasi hatukusudii kuibeza. Lakini tuipime. Shahada huchukua miaka mitatu, minne au zaidi. Je, miaka hiyo haihesabiwi katika umri wa mtu? Anayesema "napita" chuoni, yamkini atasema hivyo tena akianza kazi, kwa kuwa bado hajajenga; na akisha kujenga atasema bado hajastaafu. Ahirisha, ahirisha, mpaka uhai wote umekuwa ukumbi wa kungojea. Isitoshe, ni nani asiyepita? Mwenye nyumba naye anapita, ila kodi yake huchukua muda mrefu zaidi kwisha.

Kuna kundi la pili lenye hoja nzito zaidi. Hao husema kwamba shida ni mwalimu, na kwamba mwanafunzi akionja starehe atalala badala ya kusoma. Wana babu yao katika falsafa: Diogenes wa Ugiriki ya kale, anayesimuliwa kuwa aliishi ndani ya mtungi mkubwa katika mji wa Athens, na kwamba alipomwona mtoto akinywa maji kwa viganja alikitupa kikombe chake. Mtu huyo alikuwa na ushujaa wake. Hata hivyo, tusichanganye shida iliyochaguliwa na shida iliyoachwa tu. Diogenes aliutupa ufukara wa moyo pamoja na kikombe. Mwanafunzi anayelala katika uvundo kwa uvivu hajatupa kitu, hata taka. Mbu, giza na vumbi havifundishi uadilifu. Humfundisha mtu kukimbia chumbani kwake, na akisha kukimbia, huenda akatua mahali pa gharama kubwa kuliko pazia na taa.

Katika mji uleule wa Athens aliishi baadaye Epikurus, ambaye jina lake limepakwa tope hata watu hudhani alikuwa mwalimu wa anasa. La hasha! Alinunua bustani, akakaa humo na rafiki zake, na chakula chake cha kawaida kilikuwa mkate na maji. Jibini kidogo kutoka kwa rafiki ilimtosha kwa karamu. Kwa maoni yake raha iliyo bora ni mwili kutokuwa na maumivu na roho kutokuwa na fadhaa. Wasomi wa lugha watafurahi kuona kwamba maneno tuliyoyapokea kutoka Kiarabu yanaelekea upande huohuo. "Raha" na "starehe" yametoka katika shina moja lenye maana ya kupumzika, na "maskani" limetoka katika shina lenye maana ya kutulia. Hakuna hata moja lililotaja kochi, zulia wala televisheni. Mahali ambapo roho hutulia ni maskani. Mahali ambapo haitulii, hata pakinakshiwa kwa dhahabu, ni ghala la vitu.

Hapo tunalifikia kundi la tatu, ambalo kwa siku hizi ndilo kubwa. Hawa hawadharau chumba. Wanakipamba kupita kiasi. Wamekwisha kuona katika simu zao vyumba vya watu wa mbali, vyenye mwanga wa kila rangi, nao wanataka vivyo hivyo kabla ya mwezi kuisha. Hukopa. Huchelewesha ada. Huwapigia wazee simu na kusema kodi imepanda ilhali haijapanda. Wahenga walinena: kukopa arusi, kulipa matanga. Lakini ubaya wa jambo hili hauko katika deni peke yake. Fedha ya mwanafunzi aghalabu si yake. Ni gunia la kahawa la baba, ni mbuzi aliyeuzwa, ni mama aliyeamka alfajiri kupanga nyanya zake sokoni fungu kwa fungu. Kochi lililonunuliwa kwa uongo halikaliki kwa utulivu. Kila simu ya mzazi ikilia, mwenye kochi hushtuka. Na mtu anayeshtuka chumbani mwake hana maskani, bali ana maficho.

Basi njia ya kati ni ipi? Sisi tunadhani mwanafunzi na ajiulize maswali manne kwa mpangilio huu, wala asiruke hata moja. La kwanza: je, niko salama? Komeo imara hutangulia pazia, hasa kwa msichana anayeishi peke yake. Mwandishi Virginia Woolf alitoa hoja mwaka 1929 kwamba mwanamke akitaka kuandika anahitaji fedha na chumba chake mwenyewe. Nasi twaongeza kwamba chumba kisichofungika si cha mtu. Usalama una upande mwingine pia. Jiko la mkaa halipaswi kuwaka ndani ya chumba kilichofungwa, kwa maana moshi wake hubeba gesi isiyo na rangi wala harufu inayoweza kumwua aliyelala asiamke. Fedha chache za kwanza na ziende huko.

La pili: je, ninalala na ninaona? Godoro zuri kadiri ya uwezo, chandarua kisicho na matundu, na taa ya kusomea iliyowekwa penye meza, si katikati ya dari tu. Chokaa nyeupe ni rahisi, nayo huurudisha mwanga ukutani hata chumba kidogo kikaonekana kimepanuka. La tatu: je, kila kitu kina mahali pake? Mbao tatu na matofali machache hufanya rafu ya vitabu. Misumari katika ubao mmoja huondoa nguo sakafuni. Pazia la kitambaa cha mtumba kutoka soko la Owino hukigawa chumba kimoja kikawa viwili, upande wa kulala na upande wa kupokea watu. Ni aibu ndogo, lakini ni aibu, kwamba juu ya kilima kilichoanza kwa masomo ya useremala mtu ahitimu bila ya kuweza kupigilia ubao.

Swali la nne ndilo lenye kuamua yote: je, mgeni akija atakaa wapi? Chumba kinaweza kuwa salama, safi na chenye mwanga, kikabaki baridi kama ofisi. Kinachokipa joto ni mkeka mmoja wa ziada na kikombe cha pili. Wahenga wetu walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, wala hawakusema mwenyeji awe tajiri. Tena twasema nyumba njema si mlango: ingia ndani ndipo uijue.

Yuko Mmarekani mmoja ambaye habari zake zinafaa kuwekwa kwenye mizani hapa. Mwaka 1845 Henry David Thoreau alijijengea kibanda kando ya ziwa Walden, karibu na mji wa Concord, chenye upana wa futi 10 na urefu wa futi 15. Aliandika hesabu zake zote: kibanda kilimgharimu dola 28 na senti 12 na nusu. Naye hakusita kuonyesha kwamba wakati huo mwanafunzi wa chuo alichosoma yeye mwenyewe, Harvard, alilipa dola 30 kwa mwaka mmoja kwa chumba kilichokizidi kibanda hicho kidogo tu kwa ukubwa. Alikuwa na kitanda, meza, dawati na viti vitatu. Alikataa hata zulia dogo la mlangoni alilopewa na bibi mmoja, asije akapoteza muda kulikung'uta. Hesabu hizi ni somo zuri kwa kijana. Ila na tusome pia yale yasiyo katika hesabu: ardhi ilikuwa ya rafiki yake Emerson, na mara kwa mara Thoreau alikula kwa jamaa na rafiki zake mjini. Hatumshutumu kwa hayo. Twasema tu kwamba hata bingwa wa kujitegemea alitegemea watu, na kwamba vile viti vitatu havikuwa vya mtu mmoja.

Hapana budi tuukabili upinzani mmoja ambao mtu mwenye haki ataupenda kuuleta. Atasema: "Ninyi mnawafundisha maskini kuridhika. Paa likivuja, mnampa kijana ndoo na kumwambia aipange vizuri. Mnamfurahisha mwenye nyumba." Hoja hii ina uzito, na anayeipuuza hajawahi kupanga foleni ya choo kimoja pamoja na watu wa vyumba kumi. Twaijibu hivi. Kuridhika ni kutotamani kisicho chako. Kunyamaza ni kuacha kudai kilicho chako. Mambo haya mawili hayana undugu. Paa lisilovuja, choo safi na mlango unaofungika ni haki ya aliyelipa kodi. Nasi tumeona kwamba mpangaji anayesema "napita tu" ndiye asiyedai kamwe, maana mpita njia hana haja ya kutengeneza njia. Aliyekifanya chumba kuwa kwake ndiye anayekwenda na wenzake kwa mwenye nyumba, risiti mkononi na maneno ya adabu kinywani, na kusema kwamba bati limetoboka tangu masika. Kukipanga chumba, basi, si dawa ya usingizi. Ni hatua ya kwanza ya kujitambua kuwa mtu mahali fulani.

Kwa hiyo jibu letu ni kwamba mwanafunzi ana wajibu huo, lakini wajibu wenye mipaka. Haudai fedha asiyonayo, wala hauruhusu fedha ya mwingine kwa hila. Wadai mikono yake, ukweli wake kwa waliompeleka shule, na nafasi kwa ajili ya mwenziwe. Jikune ujipatapo, walisema wazee. Nao hawakumwambia mtu asijikune kabisa.

Wenzetu walimu, sisi huwafundisha vijana ngeli na vipatanishi kwa bidii nyingi, kwa sababu tunaamini kwamba sentensi isiyopangwa haikai masikioni. Muhula ujao mtakapolifikia neno "kupanga", msiishie katika kuorodhesha maana zake. Waulizeni wanafunzi wenu wanakaa wapi, nani analipa, na mgeni akibisha hodi leo jioni atakaribishwa aketi juu ya nini. Majibu yao yatawapa insha za kusahihisha kwa majuma kadhaa, na huenda wapo watakaorudi vyumbani mwao siku hiyo wakaling'oa lile gazeti dirishani.