Mlango wa Mlimani

Katika safari yetu ya Ulaya tulipata nafasi ya kupanda basi la watalii na kuivuka milima ya Alpi kwa siku moja, kutoka Uswisi mpaka Italia. Twapenda kuwasimulia wasomaji wetu habari za siku ile, kwa maana tuliyoyaona yalitufurahisha, na tuliyoyatenda yalituaibisha.

Tuliondoka mji wa Martigny saa mbili asubuhi. Abiria tulikuwa watu wa mataifa mbalimbali, wazee kwa vijana. Mbele alisimama kiongozi wa safari, kijana mwenye adabu, aliyetuongoza kwa saa yake kama mchungaji aongozavyo kondoo kwa fimbo. Kila kituo kilikuwa na dakika zake: hapa 10 za kupiga picha, pale 15 za kunywa kahawa. Njia yenyewe ni kilometa 45 hivi, lakini yapanda kutoka bonde la mizabibu mpaka mahali palipo juu ya mita 2,400 kutoka usawa wa bahari. Tuliiacha mizabibu, kisha misonobari, kisha miti yote. Yakabaki majani mafupi, mawe, na theluji iliyokawia kuyeyuka, ingawa ulikuwa mwisho wa mwezi wa Juni. Aliyezoea kuitazama theluji kwa mbali, juu ya Kibo, hushangaa kuikuta imelala kando ya barabara kama fungu la mchanga.

Huko juu, mahali paitwapo Grand-Saint-Bernard, pana nyumba kubwa ya mawe. Katikati ya karne ya 11, Mtakatifu Bernardo, aliyekuwa shemasi mkuu wa Aosta, aliiweka nyumba hiyo kwa ajili ya wasafiri. Njia ile ni ya kale sana. Mahujaji waliokwenda Roma kuyazuru makaburi ya Mitume Petro na Paulo waliipita kwa miguu. Askofu Mkuu Sigeric wa Canterbury aliipita mnamo mwaka 990, akirudi kutoka Roma. Wengi walikufa kwa baridi, wengine walifunikwa na maporomoko ya theluji, na wengine waliangukia mikononi mwa wanyang'anyi. Bernardo hakuweza kuushusha mlima wala kuizuia theluji. Alijenga nyumba, akaweka humo moto, mkate, na watu wa kuwangojea wageni.

Tangu hapo watawa wake, wanaofuata Kanuni ya Mtakatifu Augustino, hawakuiacha kazi hiyo. Wakati wa baridi barabara hufungwa na theluji miezi mingi, nao hubaki pale pale. Zamani walitoka kuwatafuta waliopotea, wakifuatana na mbwa wakubwa ambao sifa zao zimeenea duniani. Mmoja wao, jina lake Barry, aliyeishi tangu mwaka 1800 mpaka 1814, husemwa kwamba alisaidia kuwaokoa watu zaidi ya 40. Mwaka 1923 Baba Mtakatifu Pio XI, ambaye mwenyewe alikuwa mpanda milima hodari kabla ya kupewa mzigo wa Upapa, alimtangaza Mtakatifu Bernardo kuwa msimamizi wa wapanda milima. Wenyeji husema kwamba mlango wa nyumba ile haufungwi kwa kufuli, usiku wala mchana. Na kauli yao ni kwamba hapo Kristu huabudiwa, na hapo Kristu hulishwa. Huabudiwa altareni, hulishwa mezani. Naye ni Kristu yule yule.

Kiongozi wetu alitupa dakika 40. Tuliingia kanisani, tukapiga picha, tukanunua kadi. Saa ya kuondoka ilipofika, abiria mmoja hakuwapo. Alikuwa mama mzee aliyesafiri peke yake. Hewa nyepesi ya mlimani ilimletea kizunguzungu, na watu wa nyumba walikuwa wamempeleka ndani, wakamlaza, wakampa chai ya moto. Zikapita dakika 10, kisha 20. Ndani ya basi manung'uniko yakaanza. Mmoja alikumbusha kwamba chakula cha mchana kule Aosta kilikuwa kimekwisha kulipiwa. Mwingine alishauri kwamba mama yule aachwe, atafutiwe gari jingine. Na sisi je? Hatukusema neno, lakini tulitazama saa yetu mara tatu, na kunyamaza kwetu kulikuwa ndiko kukubali. Muda mfupi kabla ya hapo tulikuwa tumemsifu Mtakatifu Bernardo kwa moyo wote. Alitosha mgonjwa mmoja kutuchelewesha dakika 20, na sifa zetu zikayeyuka upesi kuliko theluji.

Dereva peke yake hakunung'unika. Alizima mtambo, akashuka, akaenda kumngojea mlangoni. Mwishowe mama akatoka, ameshikwa mkono na mmoja wa watawa. Alipopanda alituomba radhi kwa lugha yake, na kiongozi akatutafsiria. Alisema kwamba tangu mumewe alipofariki, ile ilikuwa mara ya kwanza kuandaliwa chai na mtu mwingine. Basi zima likanyamaza, wala hakuna aliyetaja tena chakula cha Aosta.

Tukiteremka upande wa Italia tuliukumbuka mfano wa Msamaria Mwema. Injili haisemi kwamba kuhani na Mlawi walikuwa watu wakatili. Labda nao walikuwa na mahali pa kufika na saa ya kufika. Msamaria naye alikuwa safarini, tena alikuwa na shughuli zake. Tofauti yake ni kwamba alikubali kucheleweshwa. Kwa kawaida mapendo kwa jirani hayatuombi kwanza fedha. Hutuomba kwanza wakati wetu, na huko ndiko tulikozidi kuwa mabahili.

Tangu mwaka 1964 kuna handaki lenye urefu wa karibu kilometa 6 lipitalo ndani ya mlima ule. Motokaa huvuka bila kuuona ule mlango. Na siku hizi helikopta zimechukua kazi ya mbwa. Hatuyalaumu mambo hayo, kwa kuwa akili ya kuchimba mwamba na ya kuruka angani ni zawadi ya Mungu. Lakini njia nyepesi ina hatari yake: apitaye mbio hamwoni aliyeanguka, wala yeye haonwi. Je, nyumba zetu hazina mahandaki ya namna hiyo? Baba atoka alfajiri na kurudi usiku. Mama ana mahangaiko yake. Watoto wameinamia simu zao. Wote hupita, na bibi yumo katika chumba cha nyuma, akisikiliza nyayo zao.

Wazazi Wakristu, wahenga wetu walisema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Twaogopa kwamba siku hizi twaukumbuka zaidi ule usemao siku ya tatu mpe jembe. Tena mgeni wa leo mara nyingi hatoki mbali. Ni shangazi mjane, ni mtoto wa ndugu aliyeletwa kwetu asome, ni jirani ambaye tangu juzi hakufungua dirisha lake. Bwana wetu alikwisha kutuambia kwamba siku ya hukumu atajihesabu miongoni mwao, na kwamba wengi watashangaa, kwa kuwa hawakumtambua walipokuwa wakimpita.

Hatuwadai wasomaji wetu wakajenge nyumba mlimani. Twawaomba, nasi twajiomba wenyewe, kwamba juma hili kila jamaa ikubali kucheleweshwa mara moja kwa ajili ya mtu asiyeweza kulipa. Keti naye. Mwandalie chai. Iache saa mfukoni.

Mtakatifu Bernardo atuombee, ili siku ile tutakapoufikia mlango wa juu, tukiwa tumechoka na tumechelewa, tuukute wazi.