Mti Uliokuwa Karibu na Mara

Wana wa Israeli walitembea siku tatu jangwani bila maji. Walipofika Mara wakayakuta, lakini hayanyweki kwa uchungu. Kutoka sura ya 15 yatuambia kwamba Musa alimlilia Bwana, na Bwana akamwonyesha mti. Kila nikisoma hapo, natua. Mti ule haukushuka kutoka mbinguni. Ulikuwa palepale, na pengine waliokuwa wakinung'unika walikuwa wamekaa kivulini mwake.

Wapendwa, masika yakikolea, mto Zigi hushuka kutoka Amani ukiwa mwekundu kwa udongo. Mama anayechota mtoni anajua ndoo yake ina nini. Nyuma ya nyumba yake umesimama mlonge. Majani yake ni mboga. Mbegu zikikauka na kupukutika, anazifagia pamoja na takataka. Kumbe mbegu zile zina protini inayonasa chembe za udongo, zikashikana, zikawa nzito, zikazama. Hata mashudu yanayobaki baada ya kukamua mafuta ya mlonge bado yana nguvu hiyo. Kina mama wa Sudan, kandokando ya Nile, wamesafisha maji kwa mbegu za jamii hii ya miti tangu zamani.

Na kifuu cha nazi? Wazee wetu walikitia mpini kikawa kata ya kuchotea maji mtungini. Leo viwanda duniani huchoma vifuu, vikatengeneza mkaa maalumu wa kuchujia maji, unaoondoa harufu na ladha mbaya. Sisi tunavirundika jikoni kungoja moto.

Mkoa wetu wa Tanga una Mara yake pia, nayo imetokana na mkonge. Mkonge uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893. Katika miche elfu moja iliyosafirishwa, ilisalia 62 tu, na kwayo mashamba yakajaa. Lakini katika kilo mia za majani, singa hazifiki hata kilo tano. Yanayobaki hutoka kwenye korona, yaani mashine ya kuchambua singa, na maji yake makali, na kwa miaka mingi yaliachwa yaoze na kuingia mitoni. Pale Hale, kampuni ya Katani ilijenga mtambo wa kugeuza mabaki hayo kuwa gesi ya kuzalisha umeme. Namshukuru Mungu kwa kila aliyeutazama uozo ule akauliza unaweza kufaa nini.

Nisiwadanganye, maana ni maisha ya watoto. Maji yaliyotiwa mlonge hung'aa, lakini kung'aa si usalama. Vijidudu vingi huzama na tope, vingine hubaki. Lazima yachemshwe au yatiwe dawa, na yatumike siku hiyohiyo, kwa kuwa yakilala huharibika. Mchungaji anayesifu mbegu akanyamaza kuhusu sufuria ya kuchemshia amelitendea kundi lake vibaya.

Jumapili hii, baada ya ibada, tutaweka ndoo mbili za maji ya mto chini ya mwembe. Njooni na mbegu kavu za mlonge. Tutazimenya, tutazitwanga, na kwa maji yenye tope zito tutatia punje moja mpaka mbili kwa kila lita. Tutakoroga kwa kasi dakika moja, kisha polepole dakika tano, tuyaache saa moja. Ndoo ya pili hatutaitia kitu. Watoto wakae mbele, waone vizuri.