Kisasi kwa mkono wa mwovu

Kuna swali la kale ambalo televisheni imelileta tena nyumbani mwa watu. Mtu ametendewa ubaya mkubwa, na tribunali haikumsaidia. Je, ni halali atamani mtu mwovu amlipie kisasi? Na sisi tunaotazama, tukitamani hivyo kwa ajili yake, je, tunatamani jambo jema ao baya?

Tuchague mfano mmoja unaojulikana sana. Katika Marekani, toka tarehe 10 Januari 1999 hata tarehe 10 Juni 2007, televisheni ya HBO ilionyesha mchezo uitwao The Sopranos, uliobuniwa na David Chase. Sehemu zake ni 86. Unasimulia maisha ya Tony Soprano, mkubwa wa kundi la mafia katika jimbo la New Jersey. Huyu ana mke na watoto wawili, anapenda kula vizuri pamoja na jamaa yake, na papo hapo ni mtu wa kupiga, kuiba na kuua. Kwa kuwa mara nyingine anashikwa na hofu hata kuzimia, anakwenda kutibiwa kwa daktari wa akili, Bibi Jennifer Melfi, mwanamke mwenye elimu na heshima. Wanakaa wawili chumbani. Mmoja anasema, mwingine anasikiliza.

Tarehe 18 Machi 2001 ilionyeshwa sehemu moja ambayo watazamaji hawakuisahau. Bibi Melfi anatoka kazini, anashuka ngazi za jengo la kuwekea motokari. Mtu asiyemjua anamkamata na kumbaka. Jambo lenyewe linaonyeshwa bila kufunikwa, na ni vigumu kulivumilia. Polisi wanamshika mtu yule. Lakini vitu vya ushahidi havikutunzwa kama sheria inavyotaka, basi anaachiliwa. Baada ya siku chache bibi anaingia mahali pa kununua chakula, na ukutani anaiona picha ya mtu huyo: ametangazwa kuwa mfanyakazi bora wa mwezi! Kinywaji kinamwanguka mkononi.

Sasa kishawishi kinakuja. Bibi huyu anajua vema kwamba kuna mtu mmoja anayeweza kulimaliza jambo hili kwa amri moja tu. Usiku anaota ndoto: mkono wake umenaswa katika mashine ya kuuzia vinywaji, mbakaji anamjia tena, na mara mbwa mkubwa anamrukia mtu yule na kumrarua. Akiisha kuamka, anaelewa mbwa yule ni nani. Anamweleza daktari mwenzake, bila kuficha, utamu alioupata katika kumwona adui yake akiteswa. Lakini anamhakikishia kwamba hatayavunja mapatano yale yanayowawezesha watu kukaa pamoja.

Mwishoni Tony anakuja kama kawaida. Ameambiwa kwamba majeraha ya bibi yametokana na ajali ya motokari. Anamwona akilia, anamwuliza kama ana neno la kumwambia. Bibi anamtazama, ananyamaza kitambo, kisha anajibu: hapana. Mchezo unaishia hapo.

Na watazamaji je? Wengi wao moyoni walikuwa wakimwambia: Sema! Fungua kinywa! Tony atafanya kazi iliyowashinda polisi. Wakangoja juma lililofuata, na mwaka uliofuata, wakiamini kwamba siku moja mbakaji atapata malipo yake. Mchezo ukaisha mwaka 2007, na Tony hakujua kamwe. Wengine waliudhika kama watu walionyimwa haki yao. Wengine waliona kwamba neno lile moja ndilo jambo kubwa kuliko yote katika mchezo wote. Waandishi wa sehemu hiyo, Robin Green na Mitchell Burgess, walipewa zawadi ya Emmy mwaka ule wa 2001. Lakini zawadi haimalizi ubishi. Nani alikuwa na haki?

Kwanza tusiwadharau wale waliokasirika. Mtu akiona unyonge wa namna ile asikasirike, moyo wake ni mgonjwa. Hasira ile inashuhudia ukweli: kwamba mwanamke si chombo, kwamba mwili wake ni wake, kwamba ubaya mkubwa unadai malipo. Mtakatifu Thomas wa Aquino, katika kitabu chake kikubwa cha teolojia, anauliza kama kuadhibu waovu ni halali. Hajibu kwamba kila kisasi ni dhambi. Anataka tutazame nia ya mtu. Kama mtu anakusudia hasa mabaya ya yule aliyekosa, na anatulia katika mabaya hayo, anakosa. Kama anakusudia jema, yaani mwovu atengenezwe, ao azuiwe, na wengine wapate amani, na kama yote yanafanywa kwa utaratibu wa haki, hapo adhabu ni halali.

Basi kosa la watazamaji halikuwa kutaka mbakaji aadhibiwe. Hilo walilitaka kwa haki. Kosa lilikuwa katika mkono waliouchagua. Watu husema dawa ya moto ni moto. Lakini tuone sababu tatu za kukataa dawa hiyo.

Sababu ya kwanza: mbwa mkali hamwumi mwovu kwa sababu ni mwovu, anamwuma yule anayemchukiza. Mchezo wenyewe uliwafundisha hayo watazamaji bila kuchelewa. Tarehe 1 Aprili 2001, majuma mawili tu baada ya sehemu ile, walimwona msichana aitwaye Tracee, mchezaji katika baa ya kundi lile. Alikuwa na mimba. Ralph Cifaretto, mtu wa Tony, alimpiga hata akafa. Tony alikasirika, akampiga Ralph makofi. Kisha nini? Wenzake walimlaumu kwa kumpiga mtu wa daraja lile, na baada ya siku si nyingi Ralph huyohuyo akapandishwa cheo. Mwaka 2002 Tony alimwua, ndiyo, lakini ugomvi wao ulianza juu ya farasi aliyeungua motoni. Tena mwaka 2004 Adriana, mchumba wa Christopher, jamaa yake Tony, alidanganywa, akapelekwa msituni na kuuawa, kwa sababu polisi wa serikali walikuwa wamemshurutisha kuwapasha habari. Amri ilitoka kwa Tony. Huyo ndiye hakimu ambaye watazamaji walimtakia Bibi Melfi! Mkono ambao ungemlipia kisasi mwanamke mmoja ni mkono uleule uliomzika mwingine.

Sababu ya pili ni deni. Hapa tukumbuke filme ya mwaka 1972, The Godfather, ya Francis Ford Coppola. Inaanza na mtu aitwaye Bonasera, mzishi wa maiti. Vijana wawili wamempiga binti yake vibaya sana, na hakimu amewaachilia wakaenda zao. Basi Bonasera anakwenda kwa Don Corleone, mkubwa wa mafia, siku ya harusi ya binti wa Don, anaomba vijana wale wauawe. Don anakataa kuwaua, kwa maana binti wa Bonasera yu hai, anaahidi kuwatesa. Fedha hataki. Anachotaka ni mtu abusu mkono wake, amwite baba, na akumbuke kwamba siku moja ataombwa kitu naye. Siku hiyo inafika. Maiti ya mwana wa Don, iliyotobolewa na risasi, inaletwa kwa Bonasera usiku, aitengeneze ili mama yake aweze kumwangalia. Wahenga walisema: kukopa harusi, kulipa matanga.

Ndiyo desturi ya watu wa namna hiyo. Mafia ya kweli, kule Sisilia katika karne ya 19, haikupata nguvu kwa bunduki peke yake. Ilipata nguvu mahali ambapo serikali ilikuwa dhaifu, na mtu aliyeibiwa ng'ombe ao kunyang'anywa shamba aliona ni upesi zaidi kumwendea mkubwa fulani kuliko kumwendea hakimu. Kila aliyesaidiwa akawa mdeni, na kila mdeni akajifunza kunyamaza. Kama Bibi Melfi angalisema neno moja, tangu siku ile asingalikuwa tena daktari wa Tony. Angalikuwa mtu wake.

Sababu ya tatu inatuhusu sisi tunaokaa mbele ya televisheni. Mtakatifu Augustino, katika kitabu chake cha Maungamo, anasimulia habari za rafiki yake Alipio. Huyu alichukia michezo ya Roma ambamo watu waliuana mbele ya umati. Rafiki zake walimvuta kwa nguvu. Naye akaketi kati yao, amefumba macho. Mara umati ukapiga kelele kubwa, akashindwa, akafumbua macho. Alipoiona damu hakugeuza uso. Aliinywa kwa macho, akarudi siku nyingine, akawavuta na wengine. Ona jinsi jambo lilivyo: Alipio hakumgusa mtu yeyote. Mkono wake ulikuwa safi, lakini moyo wake ulikuwa umejifunza kufurahia.

Labda mtu atasema: Lakini huu ni mchezo tu, mbakaji hayupo, hakuna atakayekufa. Ni kweli. Hatusemi kwamba aliyetamani vile amekuwa mwuaji. Tunasema kwamba amejionyesha moyo wake, na ni faida yake autazame. Tena kuna jambo la kushangaza. Yule aliyeteswa alikataa kisasi. Wale walioketi vitini, hawana jeraha, ndio waliokidai. Sababu yake si ngumu. Bibi Melfi alijua kwamba yeye ndiye atakayelilipa deni. Mtazamaji halipi kitu. Ni rahisi kuagiza damu ambayo mwingine ataidaiwa.

Sasa tufike kwenye neno gumu. Kwa kukataa, bibi yule alipata nini? Hakupata haki. Mbakaji yuko nje, anafanya kazi, anasifiwa. Tusiseme upesi kwamba bibi amesamehe, kwa maana hapana mahali anaposema hivyo. Tusiseme vilevile kwamba amepata amani. Alikataa ubaya mmoja, akabaki na uchungu wake wote. Anayemsifu kwa neno lile bila kuuona uchungu huo amemfanyia ubaya wa pili. Msomaji wetu wa Kivu hahitaji televisheni ya Marekani kulielewa jambo hili. Wako wanawake wengi katika vijiji vyetu waliotendewa hivyo na watu wenye silaha, na wengi wao hawakumwona hakimu.

Kwa hiyo kumwambia mtu asiombe kisasi kwa mwovu ni nusu tu ya wajibu. Nusu ya pili ni kumpatia hakimu. Rosario Livatino alikuwa hakimu kule Sisilia, nchi ya mafia yenyewe. Tarehe 21 Septemba 1990, akiwa na miaka 37, aliuawa na watu wa mafia njiani alipokuwa akienda kazini katika tribunali ya Agrigento. Kanisa lilimtangaza kuwa Mwenye heri tarehe 9 Mei 2021. Alikuwa mtu wa karatasi, wa kusoma mashtaka moja moja na kutunza ushahidi, kazi ileile ambayo katika hadithi ya Bibi Melfi haikufanywa vema. Kwetu Bukavu, Daktari Denis Mukwege, aliyepewa zawadi ya Nobel ya amani mwaka 2018, amewatibu maelfu ya wanawake katika hospitali ya Panzi. Angeweza kulia kisasi. Mara nyingi amedai tribunali. Anajua, kama wanavyojua wazee wetu, kwamba kundi lenye silaha lililoitwa leo kulipiza kisasi, kesho litakuja kudai mavuno na watoto.

Basi, ndugu wasomaji, tunajibu swali letu hivi. Kutamani mwovu aadhibiwe ni halali, tena ni wajibu. Kutamani aadhibiwe na mwovu mwenzake ni kumfanya mwovu huyo mfalme juu yetu. Na yeyote anayemwomba aliyeumizwa avumilie, yampasa kwanza aketi naye, amsikilize bila haraka, amsindikize kwa daktari na kwa hakimu, na asichoke kabla yake. Askari aandike ripoti yake vizuri. Shahidi asikubali kununuliwa. Hakimu asiogope. Mambo hayo hayapendezi katika televisheni, wala umati hauyapigii kelele. Lakini pale yanapokosekana, watu huanza kumtafuta mwenye mbwa.